Sare kwa Nani? Wanawake wa Makoloni katika Majeshi Saidizi ya Uingereza, 1939–1945



Desemba 1941 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaita wanawake wasioolewa katika utumishi wa vita, watake wasitake. Mwaka huohuo mwanamke mmoja wa Bermuda aliomba mwenyewe, kwa hiari, kujiunga na ATS, jeshi saidizi la wanawake lililoundwa mwaka 1938. Akakubaliwa. Kisha Wizara ya Vita ikang'amua kuwa ni mweusi, na nafasi ikayeyuka.

Hoja yangu leo ni kwamba sare ya mwanamke wa koloni haikugawiwa kwa kuangalia mahitaji ya vita. Iligawiwa kwa kuangalia rangi, na ilipotolewa kwa weusi ilitolewa kwa hofu ya siasa. Waliowatetea wanawake wa Karibi serikalini ni maofisa wa Wizara ya Makoloni, na tusiwavishe utakatifu. Migomo na ghasia za Trinidad mwaka 1937 na Jamaika mwaka 1938 zilikuwa mbichi akilini mwao. Waliogopa kwamba tusi la wazi kama lile la Bermuda lingewapa wanasiasa wa visiwani kuni za kuchochea moto.

Mvutano wa wizara hizo mbili uliendelea hadi mwaka 1943, ndipo njia ikafunguliwa. Takriban wanawake 600 wa Karibi waliingia ATS. Ila tazama walivyogawanywa: karibu theluthi moja walipelekwa Marekani kufanya kazi za ofisi za jeshi la Uingereza, na nafasi hizo Wizara ya Vita ilizitengea weupe, ikisingizia ubaguzi wa Wamarekani. Waliofika Uingereza ni kama 100 tu. Wengine walibaki visiwani kwao.

Miongoni mwa waliobaki ni Connie Mark wa Kingston, Jamaika, aliyejiunga akiwa na miaka 19. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu ripoti za madaktari katika hospitali ya jeshi: nani amekatwa mguu, nani kapoteza macho, nani harudi tena vitani. Baada ya miezi sita akapandishwa cheo kuwa koplo usu. Kwa desturi ya jeshi cheo hicho kiliambatana na nyongeza ya peni mbili kwa siku. Aliidai, akajibiwa kwamba ATS wa Jamaika hawastahili. Kwa maoni yangu, peni mbili hizo zinaeleza himaya vizuri kuliko hotuba nyingi za magavana, maana kuzilipa kusingeifilisi hazina ya mfalme.

Baadaye mkuu wake alimpendekeza apewe nishani. Akatakiwa kufanya usafi katika nyumba za maofisa wanawake wa Kiingereza. Akakataa, na nishani hakuipata. Aliipokea mwaka 1992, akiwa ameshaishi Uingereza miongo kadhaa.

Na huku kwetu? Jeshi saidizi la wanawake la Afrika Mashariki, WTS, lilichipuka kutoka kikosi cha hiari kilichoanzishwa na wanawake wa walowezi wa Kenya katika miaka ya 1930. Waliendesha magari, walishika kazi za ukarani na mawasiliano. Msiba wao mkubwa unafahamika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Wanawake walikuwa 77: wauguzi, watumishi wa jeshi la majini, na wachache wa WTS. Hata hivyo, waliojaa zaidi melini walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na nyuma yao kulikuwa na wake na mama ambao hakuna daftari la jeshi saidizi litakalotuonyesha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzetu wanaoihesabu historia ya wanawake vitani kwa kuhesabu sare. Katika vita vya 1914–1918 wake wa askari Waafrika wa jeshi la kikoloni la Wajerumani walifuatana na msafara wa kamanda wake, Lettow-Vorbeck, hadi ng'ambo ya mto Ruvuma. Walipika, walibeba mizigo, walijifungua njiani. Kazi zilizokuja kufanywa na majeshi saidizi, walizifanya bila cheo wala namba.

Kwa hiyo mtafiti akienda kwenye nyaraka asiishie kwenye orodha za waliosajiliwa. Afungue mafaili ya fedha walizokatwa askari wa KAR (King's African Rifles) katika mishahara yao ili zitumwe kwa familia, mashauri ya ndoa kwenye mabaraza ya wenyeji, na barua za wakuu wa wilaya kuhusu wake waliodai fedha zisizofika. Mwanamke anayelalamika hutajwa kwa jina. Napendekeza kikundi kazi cha mchana kianze na mafaili hayo.