Pipa Lisilo na Jina



Tarehe 29 Juni 2013, hapa hapa Kampala, lori la mafuta lilipata ajali Namungoona, katika barabara ya Northern Bypass, petroli ikamwagika. Badala ya kukimbia, watu walikusanyika na vyombo vyao, waendesha bodaboda wakiwa miongoni mwao, wakaanza kuchota. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Tarehe 22 Oktoba 2024, huko Kigogwa, katika barabara iendayo Bombo, mambo yakawa yale yale: lori likapinduka, watu wakachota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 10 wakafa.

Wapo wasemao kwamba hayo ni matokeo ya tamaa tu. Sisi hatukubaliani nao. Mtu ambaye kwake jerikani moja ya petroli ni chakula cha watoto hazuiliki kwa kukemewa. Tena, aghalabu hajaambiwa kwamba kiuacho si ile petroli aionayo ikitiririka, bali ni mvuke asiouona. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kwa chini mitaroni, nao huweza kukutana na injini ya pikipiki mbali kabisa na lori lenyewe. Anayefika kwanza mahali hapo, mara nyingi peke yake, ni askari. Yeye naye aliambiwa na nani?

Hapa ndipo ushirikiano wa mataifa, ambao husikika kama jambo la mabalozi na mikutano ya Geneva, unapomgusa askari wa doria. Petroli inaposafirishwa hupewa namba 1203. Namba hiyo imo katika orodha ya bidhaa za hatari ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1956 na ambayo hurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo 1203 ni petroli Mombasa, ni petroli Malaba, ni petroli London. Namba 1689 ni sianidi ya sodiamu, itumiwayo kutoa dhahabu katika mawe. Namba 1830 ni tindikali kali ya salfa. Askari awezaye kusoma tarakimu nne hana haja ya kuwa mkemia. Kitabu cha mwongozo watumiacho waokoaji wa Marekani, Kanada na Meksiko humwambia kwamba petroli ikimwagika, watu wasogezwe angalau mita 50 pande zote. Na moto ukilifikia tangi, waondolewe hadi mita 800. Mita 800! Wengi wetu tungesimama kando ya barabara tukitazama.

Lakini sumu haiji daima ndani ya lori lenye namba. Mlio kwenye doria za Ziwa Viktoria mnalikumbuka, au mmesimuliwa, jambo la mwaka 1999. Baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga majini dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, samaki wakaelea, wakaokotwa na kuuzwa. Dawa mojawapo iliyotajwa ilikuwa endosulfani. Mwezi Aprili mwaka huo Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, nao wavuvi waaminifu na wafanyakazi wa viwandani wakaadhibiwa kwa kosa la wachache. Kusema tu kwamba samaki wetu ni salama hakukutosha. Ilibidi kukagua mialo, kupima na kuonyesha ushahidi ndipo mlango ufunguliwe tena. Tukumbuke pia kwamba maji hayana mpaka. Sumu iliyonunuliwa dukani upande mmoja huweza kumwagwa upande wa pili, na ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania zina Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja. Endosulfani yenyewe iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopaswa kukomeshwa duniani. Miaka 12 ilikuwa imepita. Mikataba hutembea polepole.

Mingine ni kama hiyo. Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998 unadai kwamba kemikali zilizomo katika orodha yake zisipelekwe katika nchi kabla nchi hiyo haijasema kama inazikubali au inazikataa. Ule wa Basel, wa mwaka 1989, unahusu taka za sumu. Nao ulifikiwa mwaka mmoja tu baada ya maelfu ya mapipa ya taka kutoka Italia kugunduliwa katika kijiji cha Koko, nchini Nigeria, yakiwa yamehifadhiwa katika uwanja wa mkulima. Majibu ya nchi chini ya Mkataba wa Rotterdam huchapishwa mara mbili kwa mwaka. Yakifika wizarani, ni vema. Lakini nchi yetu haina bandari ya baharini, na mzigo hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika Malaba au Busia. Ikiwa orodha hiyo haimo mikononi mwa askari asimamaye kizuizini saa nane za usiku, basi kwa maoni yetu tumetia saini nusu tu ya mkataba. Tena maelezo ya vibandiko huwa kwa Kiingereza, ilhali lugha ya kambini ni Kiswahili. Ni heri kwamba kuna picha: mwali wa moto, fuvu la kichwa, mkono unaoliwa na tindikali.

Na je, mzigo ukishakamatwa? Tarehe 4 Agosti 2020, katika bandari ya Beirut, tani 2,750 za amonia naitreti zililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Hazikuletwa na adui. Zilikuwa zimeshushwa kutoka melini, zikakaa ghalani tangu mwaka 2014, na barua juu yake zikapita ofisi hata ofisi. Kila mkuu wa kituo anayo stoo ya vielelezo, na katika baadhi ya stoo hizo huenda mna jerikani ambayo hakuna akumbukaye ilitoka wapi.

Pipa likikamatwa Busia usiku wa leo, lisifunguliwe, wala mtu asilinuse ili kulitambua. Namba na picha zilizo juu yake ziandikwe kitabuni, na kama halina namba hilo nalo liandikwe. Liwekwe mbali na jiko na mbali na mahabusu. Na maabara ya serikali iliyoko Wandegeya ipewe habari kesho asubuhi.