Sare Isiyobana: Kimo cha Mtoto na Ugonjwa wa Figo



Mzazi aendaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kununua sare ya shule huchagua iliyo kubwa kidogo, maana anajua mwanawe atakua. Sare hiyo ikimtosha mtoto miaka mitatu, mzazi hushukuru kwamba ameokoa fedha. Shukrani hiyo yafaa ichunguzwe. Mtoto asiyeongezeka kimo huenda ni mgonjwa, na mojawapo ya maradhi yanayojificha hivyo ni ya figo.

Kazi ya figo si kutoa mkojo tu. Hupunguza tindikali katika damu, huikamilisha vitamini D inayoimarisha mifupa, na hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa damu. Zikidhoofika, mtoto hukosa hamu ya kula, damu hupungua, na homoni ya ukuaji, ijapokuwa imo mwilini, haifanyi kazi ipasavyo.

Kusafisha damu kwa mashine huokoa maisha, lakini kwa kawaida hakurudishi kimo kilichopotea. Tumaini kubwa zaidi ni kupandikizwa figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyoko Upanga, ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India. Hatua hiyo ni ya kujivunia. Hata hivyo, kwa mtoto, wakati ni jambo zito. Aliyepandikizwa kabla ya kutimiza miaka 6 hufidia kimo vizuri zaidi. Aliyecheleweshwa hadi kubalehe hufidia kidogo, kwa kuwa ncha za mifupa zikishafunga hakuna dawa ya kuzifungua. Prednisoloni nayo, inayouzuia mwili usiikatae figo, huchelewesha ukuaji, ndiyo maana madaktari hujitahidi kupunguza kipimo chake. Mzazi asikipunguze mwenyewe: figo ikikataliwa, ukuaji nao hukwama.

Je, baada ya kadi ya kliniki kufungwa mtoto atimizapo miaka 5, ni nani ampimaye? Mwalimu hatwishwi udaktari. Ukuta ulionyooka, futi kamba ya fundi cherehani na daftari vyatosha kuandika kimo kila muhula. Asiyeongezeka apelekwe hospitali, apimwe mkojo na shinikizo la damu.

Na yule aliyerudi darasani akiwa na figo mpya aruhusiwe kunywa maji, kwenda msalani, na kumeza vidonge vyake kwa saa ile ile aliyopangiwa, hata kama kipindi cha hesabu kinaendelea.