Kiti kizuri kisitulaze



Leo tunataka kuongea na wale wenye kazi. Tunajua si wengi. Tangu mwezi wa kwanza 2025 mabenki ya mjini yalifunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa, na vijana wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye kupata mshahara Goma leo anaushika kwa mikono miwili. Hatumlaumu.

Lakini kushika kazi na kulala ndani ya kazi ni vitu viwili.

Usingizi huo tunaujua. Mwaka wa kwanza unauliza kila kitu: hii karatasi ni ya nini? Hii bei imetoka wapi? Mwaka wa pili wakubwa wanakuambia: "Kijana, usijichoshe, saini tu." Mwaka wa tatu hauulizi tena. Uko na kiti, mtaani wanakuita bosi, basi. Mmoja wetu alipita hapo, ndani ya biro moja hatutaitaja. Mkataba ulipokwisha akakaa kuandika CV, akakuta miaka yote mitatu inaingia kwenye mstari mmoja.

Sasa tumukumbuke mtoto wa mji huu, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981. Aliajiriwa na OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na mwaka 2007 alikuwa anafanya kazi hapa Goma. Kwa kijana wa umri ule, hiyo ni kazi ambayo familia nzima inasherehekea. Angeweza kusaini, kunyamaza na kuishi vizuri. Ukaja mchele ulioharibika. Wakamuletea makuta ili aupitishe. Alikataa, juu alijua ule mchele utaishia kwenye sahani ya nani. Mwezi wa saba 2007 alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa Katoliki lilimutangaza mwenye heri.

Hatusemi hivi ili mtu atafute kufa, hapana. Tunataka tuone kitu kimoja. Stempu ni ile ile kwa wote. Yeye alijua stempu yake inalinda nini. Mtu aliyeacha kujifunza hawezi kukataa: hata hajui anasaini nini. Tena anaogopa, juu nje ya kile kiti hana kitu kingine mikononi. Anayejua kazi yake mpaka chini, na anayeweza kufanya nyingine, huyo anaweza kusema "hapana" na bado alale usingizi.

Ndiyo maana kukua kazini si mambo ya cheo tu. Ni uhuru wetu.

Tuanze wapi? Jumatatu, jifunze kazi ya mwenzako wa meza ya pili. Soma sheria inayoongoza biro yako. Omba ile kazi ngumu ambayo wote wanaikimbia: ripoti ya kutoka vijijini, hesabu ya mwisho wa mwezi. Ukikosea, kubali, rudia. Na kama kuna mwanafunzi wa staji kwenu, mufundishe; usimutume tu mikate na maji. Wewe ambaye bado hauna kazi, fundi wa jirani, duka la mama, chama cha mtaa, vyote ni shule kama unaingia na maswali.

Watu wa chukudu wanajua hili. Kuteremka kutoka Kibumba na mzigo ni raha, upepo usoni. Lakini kabla ya ile raha, mtu alisukuma chukudu kupanda, jasho linatoka. Anayetaka kuteremka tu, kila siku, hafiki mbali: chini pale kuna ziwa.

Tusukume basi.