Mtandao Unasingiziwa: Kwa Nini Maandiko ya Utafiti Hukwama Kwenye Mifumo ya Wafadhili



Mada hii nimeiandika nikimfikiria ofisa uvuvi aliyeko kisiwani Goziba, Ziwa Victoria, pamoja na mtafiti wa Bukoba au wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, Mwanza anayemtegemea kwa takwimu za dagaa. Andiko lao la kuomba ruzuku likikwama, maelezo huwa yale yale: mtandao ulisumbua. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi mtandao unasingiziwa. Tatizo ni programu mbili zisizoelewana, na hilo haliishi kwa kununua bando jingine.

Tutazame fomu yenyewe. Ofisa anatumiwa fomu ya PDF kwa WhatsApp ajaze sehemu yake. Anaifungua kwenye simu, na badala ya nafasi za kujaza anakuta ukurasa mmoja wenye maneno ya Kiingereza yanayomwambia asubiri. Anasubiri. Anasogea panaposhika mtandao vizuri, anaongeza bando, anasubiri tena. Kumbe faili limeshafika lote, hakuna kingine kinachokuja. Fomu hiyo imetengenezwa kwa teknolojia iitwayo XFA. Adobe Reader ya kwenye kompyuta huisoma, lakini visomaji vingi vya simu na vivinjari haviiwezi, na huo ukurasa wa kusubiri ndio pekee vinavyoweza kuuonyesha. Toleo la kimataifa la PDF 2.0, lililotoka mwaka 2017, lilishaiweka XFA kando, ila fomu za namna hiyo hatujaachana nazo. Sijui kama kuna maneno yaliyowahi kuwapotezea watu usiku mwingi kuliko hilo neno "subiri".

Msidhani haya ni ya visiwani tu. Mfumo wa Grants.gov, unaopokea maombi ya ruzuku za serikali ya Marekani, ulianza mwaka 2003. NIH, taasisi yao ya utafiti wa afya, ilihamishia huko maombi ya R01, ruzuku yake kuu ya utafiti, Februari 2007. Fomu za wakati huo zilifunguliwa kwa programu ya PureEdge, nayo ilifanya kazi kwenye Windows peke yake. Mtafiti mwenye Macintosh, na walikuwa wengi, ilimbidi aingie kwenye kompyuta ya mbali au aigize Windows ndani ya mashine yake. Zikaja fomu za Adobe, na ugomvi ukahamia kwenye matoleo: mshirika mmoja akiifungua fomu kwa toleo lisilokubalika kisha akaihifadhi, fomu iliweza kuharibika kwa timu nzima. Mwisho wa mwaka 2017 lile furushi moja la PDF liliondolewa, watu wakahamia kujaza mtandaoni kwenye sehemu ya Grants.gov iitwayo Workspace. Hao ni watu wenye umeme wa uhakika na mafundi wa kompyuta ndani ya jengo hilo hilo.

Anayetengeneza mfumo huchukulia kwamba mtumiaji ana kompyuta kama yake. Huchukulia pia kwamba ana karatasi kama yake, na hapa ndipo tunapoumia bila kujua. Sisi tunaandika kwenye A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279. NIH haipokei kiambatisho chenye ukurasa mkubwa kuliko Letter, na mfumo hupima wenyewe. A4 ni nyembamba kidogo lakini ni ndefu zaidi kwa milimita 18, kwa hiyo inakataliwa. Mtu anabadilisha ukubwa wa karatasi dakika za mwisho, na andiko la R01 lililojaza kurasa 12 barabara, ambazo ndizo kikomo cha sehemu ya mkakati wa utafiti, linamwagikia ukurasa wa 13. Sasa linakataliwa kwa kosa jingine. Atafuta nini? Mara nyingi hufuta maelezo ya namna takwimu zitakavyokusanywa visiwani, yaani sehemu ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuiandika.

Fonti nazo ni vivyo hivyo. Andiko lililopangwa kwenye Word ya ofisini likifunguliwa kwa WPS kwenye simu, au kwa LibreOffice ya steshenari, fonti isiyokuwepo hubadilishwa kimyakimya na mistari husogea. Majina ya mafaili pia: Grants.gov inataka jina lisizidi herufi 50, na "Maombi_ya_Utafiti_wa_Dagaa_Goziba_toleo_la_mwisho_kabisa.pdf" limeshapita. (Hilo la "mwisho kabisa" kwa kawaida huwa na ndugu zake watatu.)

Anuani ni mtihani wa peke yake. Taasisi inayoomba moja kwa moja ruzuku ya Marekani lazima isajiliwe kwenye mfumo wao wa usajili, SAM.gov, na tangu Aprili 2022 itambulike kwa namba ya UEI badala ya ile ya DUNS. Usajili unataka anuani ya mahali ofisi ilipo, na haukubali sanduku la barua. Nasi vyeti vyetu, barua zetu na mihuri yetu vyote vinasema S.L.P. Jina la taasisi likitofautiana hata kidogo kati ya cheti na fomu, mnarudishwa nyuma wiki kadhaa.

Mtaniuliza kwa nini ning'ang'anie Marekani, ilhali Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha ruzuku ndogo mpya zinazopitia kwa mwombaji mkuu kwenda kwa washirika wa nje. Ni swali la haki. Najibu kwamba mfumo wowote una dhana zake. Tena wafadhili si Marekani peke yake: fedha za utafiti wa vyandarua vya kuzuia malaria vyenye kiambato cha PBO uliofanyika hapa wilayani Muleba, ambao matokeo yake yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2018, zilitoka Uingereza. Umoja wa Ulaya nao hufunga dirisha la maombi ya Horizon, mpango wao wa fedha za utafiti, saa 11 jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa 1 usiku wakati wa baridi yao na saa 12 jioni wakati wa kiangazi.

Pendekezo langu kwa taasisi zilizopo hapa ni kwamba fomu isivuke maji. Ofisa wa Goziba atume maneno na takwimu kwa ujumbe wa kawaida; fomu ijazwe bara, kwenye kompyuta moja, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Ukubwa wa karatasi na fonti vipangwe siku ya kwanza ya kuandika. Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, mtu huyo apakie viambatisho vya majaribio, hata vikiwa na aya moja tu, ili mfumo utoe makosa yake mapema. Na saa za mtu huyo ziingie kwenye bajeti ya taasisi, maana sasa kazi hii inafanywa usiku na kijana yeyote "anayejua kompyuta".

Zipo siku ambazo mtandao kweli ndio wenye kosa. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika na Tanzania nzima ikayumba. Siku kama hiyo usikae kubonyeza. Tafuta njia yoyote ya kulifikia dawati la msaada la mfadhili, upewe namba ya tukio kabla saa ya mwisho haijapita. NIH, kwa mfano, ukidai kwamba mfumo wao ndio uliokukwamisha, watakuuliza kwanza namba hiyo.