HUNDI NI YA MWENYE JINA
(Maneno ya Mweka Hazina kwenye mkutano wa wanachama. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya hundi, ambayo wengi wetu twaiita cheki. Nataka kila mmoja aondoke hapa na neno moja tu: hundi ni ya yule aliyeandikwa jina lake, siyo ya yule aliyeishika mkononi.

Najua mtasema siku hizi hela inaingia kwenye simu. Ni kweli. Lakini mnunuzi wa vitunguu vya Mang'ola, au wa mbaazi na ngano za huku juu, bado anaweza kukukabidhi karatasi. Na karatasi hiyo ikiwa na jina la mwingine, hapo ndipo taabu inapoanzia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kabla hamjanipa kazi hii, jamaa mmoja alinijia jioni na hundi yenye jina lake. Akasema, "Kaka, mimi sina akaunti. Ipitishe kwako, ukitoa hela unipe, na wewe utapata ya soda." Akatia sahihi mgongoni mwa hundi, nami nikatia yangu chini yake, benki ikaipokea. Baada ya siku chache nikaona fedha ipo kwenye akaunti. Nikaitoa, nikampa yote. Wiki iliyofuata hundi ikarudi: aliyeiandika hakuwa na fedha. Benki ikakata fedha yake kwangu. Kumtafuta jamaa, kahama. Niliuza fahali, jamani, kwa deni nisilolila.

Nilidhani nimeonewa. Kumbe ndiyo sheria. Ukitia sahihi mgongoni mwa hundi ukaipitisha, umejifanya mdhamini wake. Ikirudi, unadaiwa wewe.

Na kwa nini fedha ilionekana halafu ikaondoka? Wazee wanakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, benki zilitaifishwa ikaundwa NBC. Miaka ile hundi nyingi zilitoka benki hiyohiyo na kulipwa na benki hiyohiyo. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, ikazaliwa NMB, na leo benki ni nyingi. Hundi ya benki nyingine lazima kwanza ikubaliwe na benki ya aliyeiandika. Kwa hiyo usimuulize karani, "Fedha imeingia?" Muulize, "Hundi imekubaliwa?" Hayo ni maswali mawili tofauti.

Sasa shikeni mambo haya matano.

Kwanza, mistari. Hundi iliyopigwa mistari miwili ya sambamba hailipwi taslimu dirishani. Inaingizwa kwenye akaunti. Hiyo ni kinga, si usumbufu. Hundi isiyo na mistari, tena imeandikwa alipwe yeyote atakayeileta, ukiidondosha mnadani atakayeiokota anaweza kulipwa.

Pili, majina mawili. Kama imeandikwa fulani "na" fulani, wote wawili lazima watie sahihi. Kama ni fulani "au" fulani, mmoja anatosha. Baba, hundi yenye jina lako na la mama watoto huwezi kwenda nayo peke yako. Na kumtilia sahihi yake ni kughushi, hata kama mnalala nyumba moja.

Tatu, jina lililokosewa. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la baba na jina la mtaani. Ndugu zetu wa Endulen na Nainokanoka nao ni vilevile. Mnunuzi anaandika lile alilolisikia, halafu kitambulisho kinasema lingine. Sheria inakuruhusu kutia sahihi kwa jina kama lilivyoandikwa, kisha uongeze sahihi yako halisi. Lakini benki itataka ushahidi kwamba ndiye wewe, na inaweza kuikataa. Njia nyepesi ni kuirudisha kwa aliyeiandika aandike nyingine. Usisahihishe kwa kalamu yako! Hapo umeiharibu hundi, na unaweza kujikuta polisi.

Nne, jina la marehemu. Mwenzetu akifariki na hundi yake haijaingizwa benki, mtoto asitie sahihi ya baba yake. Familia ikae, iende Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye atakayekwenda benki na barua ya mahakama. Wala msikawie, maana kwa kawaida hundi ikipita miezi 6 benki haiipokei tena.

Tano, na hili ndilo lililonisimamisha hapa. Mnunuzi akipakia mzigo wa chama huuliza, "Niandike jina la nani?" Jibu ni moja: jina la chama. Si la Mwenyekiti, si la Katibu, wala si langu mimi. Hundi ya mazao yenu ikiandikwa jina langu, mbele ya benki fedha hiyo ni yangu. Nikifa leo, warithi wangu wataidai. Nikiingiwa na tamaa, mtanishika kwa lipi? Na mkaguzi wa COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982 kukagua vyama vya ushirika, atatafuta fedha hiyo kwenye vitabu vyetu asiione.

Kwa hiyo naomba mkutano huu upitishe mambo mawili. Kila hundi ya chama iandikwe jina la chama na ipigwe mistari. Na siku inapopokelewa, namba yake, jina la aliyetulipa na kiasi viandikwe hapa ubaoni, kila mtu asome. Pasipoandikwa kitu na mzigo umeondoka, niulizeni mimi wa kwanza. Sitakasirika.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na daftari bila jina sahihi ni karatasi tu.



Mweka Hazina wenu.