Usilisingizie Jua
(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wananchi wa Usoke)



Oktoba, jua la Tabora linapowaka, kila mmoja wetu hutokwa jasho wala hafikirii maradhi. Hata hivyo, lipo jasho lisilopaswa kupuuzwa.

Baadhi yetu tumeandikiwa propranololi au atenololi kwa ajili ya moyo au shinikizo la damu. Dawa hizi huzuia nguvu ya adrenalini, na mapigo ya moyo hupungua kasi. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, zinaweza kuficha dalili za sukari kushuka mno: moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Jasho, kwa kawaida, halifichiki. Huenda likawa ndilo onyo kubwa lililosalia.

Kwa hiyo, mgonjwa wa namna hiyo akitokwa jasho la ghafla hali ameketi kivulini, asilisingizie jua. Apime sukari, akikosa kipimo, anywe mara moja maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, ale chakula, kisha afike kituo cha afya. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe upesi.

Dawa hizi zisiachwe ghafla, kwani moyo unaweza kudhurika. Wala asipewe jirani anayesumbuliwa na jasho: akiwa na pumu, zinaweza kumbana pumzi.

Mimi ni Afisa Habari, si tabibu. Kuhusu dozi yako, mwulize aliyekuandikia.