Homa ya Uzazi Haisubiri Kesho

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora)



Nilipowaambia waandaaji kwamba nitazungumza juu ya homa ya uzazi, mmoja alicheka, akaniuliza kama nimesahau kwamba hii ni shule ya wavulana. Sikusahau. Nimeichagua mada hii kwa sababu hiyo hiyo. Katika nyumba zetu nyingi mwanamke ndiye mwenye kuzaa, lakini mwanamume ndiye mwenye kusema "twende hospitali" au "tungoje kidogo". Na katika ugonjwa nitakaoueleza leo, neno "tungoje" ndilo linaloua.

Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mipango na bajeti. Nitasema kama mtu wa mafaili, si kama mtu wa sindano.

Ugonjwa wenyewe

Wazee waliuita homa ya uzazi. Madaktari wa leo husema sepsisi. Vijidudu huingia mwilini, mara nyingi kwa njia ya mfuko wa uzazi, ambao baada ya kujifungua ni kama kidonda kibichi. Mwili hupigana navyo, kisha mapigano hayo huvuka mpaka na kuanza kuharibu viungo vya mwili wenyewe: figo, mapafu, ini, ubongo. Hapo mgonjwa hahesabiwi tena kwa siku, bali kwa saa.

Milango ya vijidudu ni mingi: chupa iliyopasuka mapema, uchungu uliochukua muda mrefu, kipande cha kondo la nyuma kilichobaki ndani, kidonda cha upasuaji, mimba iliyoharibika. Hata mjamzito ambaye hajafikia siku zake anaweza kuupata, kwa kuanzia kwenye njia ya mkojo au kwenye mapafu.

Madaktari huhesabu siku 42 baada ya kujifungua kuwa ni kipindi cha hatari. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba mzazi ni mtu wa kuangaliwa hadi arobaini. Tumezoea kuichukua arobaini kuwa ni mila tu, nayo ilikuwa zamu ya ulinzi.

Tatizo ni kwamba mama hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, na homa huja akiwa nyumbani. Basi mlinzi wa kwanza si muuguzi. Ni mume, mama mkwe, shemeji, jirani.

Nalisema hili kwa uchungu. Dada yangu mkubwa alijifungua salama mtoto wa kiume. Siku ya nne alianza kutetemeka. Alipelekwa kupimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwuliza amejifungua lini. Siku ya sita alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima, na mtoto wake anamwita kwa jina la mdogo wetu aliyefariki zamani. Gari lilipatikana jioni. Hakufika.

Malaria alikuwa nayo kweli. Kipimo hakikusema uongo. Lakini malaria haimzuii mtu kuwa na sepsisi. Katika mkoa kama wetu, ambako homa yoyote huitwa malaria kabla mgonjwa hajakaa kitako, hilo ndilo jambo la kwanza ninaloomba mlichukue: mzazi mwenye homa, hata kama malaria imeonekana, achunguzwe pia uzazi wake.

Somo la mikono

Vijana wanaosoma sayansi wasidhani huu ni ugonjwa wa Afrika. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wodi ya madaktari na wanafunzi wao ilikuwa na vifo vingi kuliko wodi ya wakunga. Wanafunzi walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Mwezi Aprili, kati ya kila akina mama 100 waliojifungua katika wodi ile, 18 walikufa. Katikati ya Mei aliamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini. Mwezi Juni walikufa 2 kati ya 100. Wakubwa wengi wa taaluma yake hawakumwamini. Iliwawia vigumu kukubali kwamba mkono wa msomi unaweza kubeba kifo. Alifariki mwaka 1865 bila kukubaliwa.

Mwisho wa njia ya misafara

Sasa turudi kwetu. Kila aliyesoma hapa anaijua Kwihara na tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Anajua kwamba Burton na Speke walifika hapa Tabora, iliyoitwa Kazeh, mwaka 1857, na kwamba njia ya kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji. Mizigo ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa miezi. Mpagazi aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa nyuma, msafara haukumsubiri. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ikafuata karibu njia ile ile.

Mwisho wa njia hiyo, Kigoma, kulifanyika jambo ambalo lingestahili kufundishwa pamoja na habari za Livingstone. Katika miaka ya 1980 marehemu Dakta Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa. Vifo vya akina mama vilikuwa vingi, na kumbukumbu zenyewe zilikuwa pungufu mno. Alianza kwa kuvichunguza vifo vya mwaka 1984 hadi 1986, akiuliza kila kimoja kingezuiliwaje. Kisha, kuanzia mwaka 1987, ukaanzishwa mpango wenye mambo 22.

Ndugu zangu watumishi, sikilizeni baadhi ya mambo hayo. Vikao vya mara kwa mara vya kupitia vifo. Ratiba ya kutunza vifaa. Mafunzo ya watumishi wakiwa kazini. Utaratibu wa matumizi ya dawa za kuua bakteria. Damu ya kuongezea wagonjwa. Kutengeneza maji ya dripu pale pale. Maabara ya kuotesha vijidudu ili vijulikane. Umbali wa nyumba za watumishi muhimu kutoka hospitali. Kusikiliza malalamiko ya wananchi.

Nilipousoma mpango huo kwa mara ya kwanza nilishangaa, maana robo tatu ya mambo hayo hupita mezani kwa mtu kama mimi. Nyumba ya mkunga iko wapi? Nani anashika funguo za stoo ya dawa usiku? Haya si mambo ya kitabibu. Ni utaratibu wa kazi. Na vifo vya uzazi vya sababu zote katika hospitali ile vilishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 186, kati ya mwaka 1984 na 1991. Gharama yake haikuwa kubwa. Taarifa aliyoiandika pamoja na mwenzake wa Sweden, Staffan Bergström, ilichapishwa mwaka 1995.

Taifa zima nalo limesonga mbele. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Na mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya mpango uliojaribiwa katika vituo 59 vya Malawi na Uganda: mikono kunawiwa, maambukizi kuzuiwa, na sepsisi kutambuliwa na kutibiwa mapema. Madhara makubwa na vifo vitokanavyo na maambukizi vilipungua kwa karibu theluthi moja. Hakukuwa na dawa mpya. Palikuwa na kufanya kwa wakati kile kinachojulikana.

Kazi yetu

Kwanza, jueni dalili. Homa au kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuhema haraka, maumivu makali chini ya kitovu, uchafu wa uzazi wenye harufu mbaya, usaha kwenye kidonda, mkojo kupungua, maneno ya kuchanganyikiwa. Na msidanganywe na mwili wa baridi: mgonjwa wa sepsisi aweza kuwa baridi.

Pili, mkifika hospitali semeni mapema na kwa sauti: "Huyu amejifungua siku tano zilizopita." Sentensi hiyo moja yaweza kubadili matibabu yote. Sepsisi ikishukiwa, dawa ya kuua bakteria inatakiwa kuingia mwilini ndani ya saa moja.

Tatu, usafiri upangwe kabla ya mtoto kuzaliwa. Nauli iwekwe kando, na mwenye gari au bodaboda ajulikane. Ipo pia namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bila malipo kwa dharura za uzazi.

Nne, hili ni letu sisi wakubwa. Katika ukumbi huu wamo wanaopitisha bajeti. Zahanati isiyo na maji haiwezi kunawa mikono, hata mkunga wake angekuwa hodari namna gani. Napendekeza chama chetu kichague zahanati moja ya jirani na shule hii, tuipelekee maji hadi kwenye chumba cha kujifungulia, na mwakani tusomewe taarifa ya kazi hiyo hapa hapa.

Mtoto wa dada yangu sasa ni kijana wa umri wenu. Anamjua mama yake kwa picha moja tu. Wapo wengi kama yeye, na huenda wengine wamo humu.

Tulifundishwa kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli kwa mambo mengi. Kwa homa ya uzazi, baraka imo katika haraka.